Mjadala: Aliyeporwa aazimwe mali yake mwenyewe?

Mwaka 1874 jeshi la Uingereza chini ya Jenerali Garnet Wolseley liliingia Kumasi, mji mkuu wa Waashanti katika Ghana ya leo, likakomba dhahabu ya ikulu na kuutia mji moto. Mei 2024, miaka 150 baadaye, sehemu ya nyara hizo ilionekana tena Kumasi katika makumbusho ya kasri la Manhyia. Vililetwa vitu 32, ingawa si vyote ni nyara za mwaka ule: 17 kutoka makumbusho ya Victoria and Albert na 15 kutoka British Museum. Watu walifurahi, na walikuwa na haki ya kufurahi. Lakini vitu hivyo vimeazimwa tu kwa miaka mitatu. Muda unaweza kuongezwa, kisha virudi London.

Hapo ndipo ninapotaka tubishane, wadau. Msimamo wangu ni kwamba aliyeporwa hapaswi kutia saini ya kuazimwa alichoporwa. Simlaumu Asantehene, yaani mfalme wa Waashanti, Otumfuo Osei Tutu II. Mtangulizi wake, Opoku Ware II, aliomba mali hizo zirudishwe tangu 1974, na mtu aliyenyimwa nusu karne nzima akipewa hata cha kutazama kwa muda atapokea. Nusu shari kuliko shari kamili. Shida ni kwamba anayeazimwa kitu amekwisha kiri kuwa mwenyewe ni mwingine. British Museum inalijua hilo vizuri, ndiyo maana inamtaka mwazimaji aukubali kwanza umiliki wake, na Ugiriki imekataa kuchukua sanamu za Parthenon, hekalu lake la kale la Athens, kwa sharti hilo.

Tutaambiwa sheria ya Uingereza ya 1963 inaikataza British Museum kutoa vitu vyake. Sawa, lakini aliyeitunga ni Bunge na Bunge halijafungwa mikono. Ufaransa nayo ilikuwa na kizuizi cha aina hiyo. Desemba 2020 ikapitisha sheria mahususi, na Novemba 2021 vitu 26 vilivyoporwa Abomey, mji wa wafalme wa Dahomey, vikarudi Jamhuri ya Benin, moja kwa moja. Makumbusho ya Fowler ya Los Angeles nayo iliwarudishia Waashanti vitu 7 Februari 2024 bila masharti yoyote.

Hoja ya usalama, kwamba vitu hivi viko salama zaidi London, siipi muda mrefu. Agosti 2023 British Museum ilitangaza kwamba vitu vyake vingine vimeibwa, vimepotea au vimeharibiwa, na baadaye ikakadiria kuwa vinafika 2,000. Mkurugenzi wake akajiuzulu.

Hoja ninayoiheshimu kidogo ni ile ya makumbusho ya dunia nzima: kwamba vitu vikikaa pamoja, binadamu wote watavitazama na kujifunza. Basi tuzitazame tabot za Ethiopia. Ni vibao vitakatifu vya Kanisa la Kiothodoksi, na makasisi pekee ndio wanaoruhusiwa kuviona. Wanajeshi wa Uingereza walivipora Maqdala, ngome ya mfalme wa Ethiopia, mwaka 1868. British Museum ina 11, vimefungiwa, havionyeshwi kwa umma, na hata wafanyakazi wake hawaruhusiwi kuvitazama. Dunia nzima inajifunza nini hapo? Anayetetea hoja hii naomba aanze na tabot, asinikimbilie kwenye maiti za Misri ambazo kila mtalii anapiga nazo picha.

Sasa nije kwenye pagumu, maana wanaodai virudishwe wana maswali yao pia. Shaba za Benin, yaani sanamu na mabamba ya ufalme wa Benin, ile ya Nigeria, ziliporwa na Waingereza mwaka 1897. Ujerumani ilihamisha umiliki wa zile zilizoko kwenye makumbusho zake mwaka 2022. Machi 2023 serikali ya Nigeria ikamtambua Oba, yaani mfalme wa Benin, kuwa mmiliki wa shaba zote zinazorudi. Ulaya wengine wakang'aka: tulizirudisha kwa taifa, mbona zinaenda kwa mfalme? Chuo Kikuu cha Cambridge kikaahirisha makabidhiano. Mimi naona hilo haliwahusu. Mwizi akirudisha mali hakai sebuleni kusikiliza warithi wanagawana vipi.

Lakini kuna madai mengine ambayo siwezi kuyapuuza. Kuna Wamarekani weusi waliokwenda mahakamani mwaka 2022 kuizuia makumbusho ya Smithsonian ya Marekani isirudishe shaba zake. Wanasema sehemu ya madini yake yalitoka kwenye manila, zile bangili za shaba ambazo Wareno na Wazungu wengine walilipia watumwa, na Benin ilikuwa miongoni mwa wauzaji. Kwao, kumrudishia Oba peke yake ni kumtunza mjukuu wa muuzaji na kumsahau mjukuu wa aliyeuzwa. Smithsonian ilirudisha shaba 29 hata hivyo, na nadhani ilifanya sawa, kwa sababu deni la Oba kwa vizazi hivyo halimpi Mwingereza hati ya umiliki. Ila deni lenyewe lipo. Nani anapaswa kulidai, na mbele ya nani? Wenye jibu waje.