Mrejesho: feni belti ya Land Cruiser yenye injini ya dizeli ya 1HZ
Niliuliza kwa nini feni belti mpya (mkanda unaozungusha feni, pampu ya maji na altaneta inayochaji betri) inapiga kelele na kulegea upesi. Mlikuwa sahihi, asanteni sana: injini hii ina belti mbili pacha, na fundi alibadilisha moja. Mpya ilibeba mzigo wote, ile kuukuu iliyorefuka ikawa inateleza. Zibadilishwe zote mbili, za namba ileile.

Toa waya hasi wa betri, legeza bolti za altaneta, isukume kuelekea injini, vua belti, kisha futa mafuta kwenye puli (magurudumu yanayopitiwa na belti). Ukivisha mpya na kukaza, belti ikibonyezwa kwa dole gumba izame kama milimita 10. Ukizidisha, beringi za altaneta na pampu ya maji zinakufa. Rudia kukaza baada ya mwendo mfupi, maana mpya hurefuka.

Akiba ni pea nzima, pamoja na spana zake. Belti zikikatika, taa ya chaji inawaka na pampu ya maji inasimama: zima injini papo hapo.