Mguu unaovimba na homa kila masika: tupeane uzoefu

BintiLangoni
Assalaam aleykum, na wasio Waislamu hamjambo.

Mada hii naifungua kwa ajili ya mamangu, ila najua hayuko peke yake. Mguu wake wa kushoto una matende tangu sisi tukiwa wadogo. Pwani yetu, kuanzia Lamu na Tana River mpaka Kwale, hakuna asiyemjua mtu wa namna hii. Kinachomwangusha si uvimbe wenyewe. Ni ile homa. Asubuhi yuko jikoni anakuna nazi, adhuhuri ameingiwa na baridi, anatetemeka chini ya blanketi na jua linawaka nje. Mtoki umesimama kinenani, mguu una moto haushikiki, hata leso ikiugusa anapiga kelele. Siku ya pili ngozi imekaza na kung'aa. Akipona, mguu haurudi ulivyokuwa. Kila homa inauacha mnene kidogo zaidi.

Barazani utaambiwa ni minyoo imeamka. Daktari aliyemwona mwaka jana alitueleza vingine. Minyoo ile inayoletwa na mbu iliharibu zamani mirija ya limfu, ile inayoondoa maji ya ziada mwilini, maji yakawa hayatoki mguuni. Homa za sasa ni za bakteria wa kawaida wa ngozi, hasa streptokoki, wanaopenya penye ufa na kukuta mguu usioweza kujitetea. Akavishika vidole vya mamangu, akavitenganisha kimoja kimoja. Kati ya cha nne na cha tano ngozi ilikuwa nyeupe, imelowa, imechanika. Fangasi. Mama mwenyewe hakuwahi kuiona, maana tumbo na magoti havimruhusu kuinama hadi kule.

Ndiyo maana nasema dawa ya kuondoa homa ikishakuja tunayo, vidonge vipo. Kazi iko kwenye zile wiki ambazo mgonjwa hana homa na hakuna anayeuangalia mguu. Waliofanikiwa kuzipunguza homa hizi, au majipu, au vidonda vya watoto visivyoisha, semeni mlivyofanya. Lililowakuta wenyewe, tafadhali, si la kusikia.

MwanaFaza
Waaleykum salaam. Nyanya yangu vilevile, na masika ndiyo mbaya zaidi. Vichochoro vina tope, miguu haikauki. Mwaka 2018 huku Lamu Mashariki tuligawiwa dawa tatu za minyoo ya matende kwa pamoja, ivermektini, DEC na albendazoli, akameza akitarajia mguu upungue. Haukupungua, akasema dawa ni ya uongo. Mhudumu wa afya wa kijiji alirudi kumfahamisha kwamba dawa ile inaua vijidudu vilivyo kwenye damu ili mbu wasivibebe kwa wajukuu. Mguu ulioharibika una matunzo yake mbali. Bado hajaridhika, lakini wajukuu wote wamemeza.

MuuguziMalindi
Bi Langoni, umegusa kazi yangu ya kila siku. Niruhusu niandike kwa urefu, kwa sababu watu husikia "osha mguu" wakadhani wanajua.

Tafuta beseni, maji safi ya kawaida, sabuni ya kipande isiyo kali, na kitambaa laini ambacho ni cha mguu huo tu. Maji yasiwe ya moto. Ngozi ya matende mara nyingine haihisi vizuri, mtu anaungua bila kujua. Anzia gotini ushuke. Kila mkunjo wa ngozi ufungue, ingiza kidole chenye povu mpaka chini kabisa, kwa upole. Brashi weka kando, jiwe la kusugulia weka kando. Kati ya vidole, ikiwa vimebanana, pitisha ukanda mwembamba wa kitambaa chenye sabuni, uuvute huku na huku. Suuza mpaka maji ya beseni yabaki maangavu.

Kisha kukausha, na hapa ndipo wengi wanapokatiza. Gusagusa na kitambaa kikavu, usisugue. Kati ya vidole na ndani ya mikunjo rudia mpaka kitambaa kitoke kikavu. Penye fangasi paka krimu ya klotrimazoli, na uendelee hata baada ya ngozi kuonekana imepona, kwa muda ulioambiwa. Sehemu nyingine paka mafuta mepesi zisipasuke. Kati ya vidole usitie mafuta. Kila mkwaruzo, kila alama ya kuumwa na mbu iliyokunwa, safisha siku hiyo hiyo.

Nina mzee mmoja aliyenijibu kwamba yeye anatawadha mara tano kwa siku, nimfundishe nini cha kuosha miguu? Nilimkubalia nusu. Udhu unafika palepale tunapopataka, hasa anayepitisha kidole kati ya vidole vya mguu. Lakini hauna sabuni, na baada yake mguu mbichi unaingia kwenye kiatu. Tuliafikiana aweke kitambaa kikavu kando ya birika. Homa zake zimekuwa za nadra, na sasa ananidai mimi niwafundishe wenzake msikitini.

Zaidi ya hapo, usiku inueni upande wa miguu wa kitanda, mchana asikae muda mrefu mguu ukining'inia, na azungushe kifundo cha mguu hata akiwa amekaa, ili maji yapande. Viatu avae, hata uani.

KijanaMkomani
Na chale je? Babu yetu aliitiwa mganga, akachanjwa mguu mzima ili "damu mbaya" itoke. Wazee wanasema ilimsaidia.

BintiLangoni
Kaka, wazee tunawaheshimu, lakini nyumbani kwangu wembe hautagusa mguu ule. Tunahangaika kuziba ufa mmoja kati ya vidole, halafu mtu aje afungue thelathini?

MuuguziMalindi
Naongezea tu kwamba maji yaliyojaa kwenye mguu wa matende ni chakula cha bakteria. Kidonda kidogo kinachopona haraka kwa mtu mwingine, hapo kinachukua wiki.

BabaWatatu_Malindi
Mimi sina matende, shida yangu ni majipu. Lilianza kwapani, likafuata la makalioni, likaja la pajani. Moja likikauka jingine linachipua. Halafu mke, halafu mtoto wa kati. Jirani akasema tumetupiwa kitu.

Kwa kemisti nilikuwa nauziwa amoksilini ya siku mbili tatu. Tabibu niliyeenda baadaye alicheka kwa huruma. Majipu, alisema, kwa kawaida ni ya bakteria wengine, stafilokoki, na wengi wa hao amoksilini haiwatishi tena. Ndiyo maana dawa ya familia ya penisilini inayomfaa mama wa Bi Langoni kwa ule mguu haikunifaa mimi. Jipu lililoiva linataka kupasuliwa kwa kifaa safi, usaha utoke wote, halafu yeye aamue kama vidonge vinahitajika. Likiwa bado gumu, kitambaa cha maji ya uvuguvugu dakika 10 hadi 15, mara kadhaa kwa siku. Kuminya kwa vidole, marufuku, na la usoni ndiyo kabisa.

Kisha akauliza kitu sikukitarajia: usiku unaamka kukojoa? Kumbe naamka sana. Akanipima sukari, ikawa juu. Kwa hiyo majipu ndiyo yaliyonifichulia kisukari. Alinishauri na kipimo cha VVU vilevile, akasema ni kawaida kwa yeyote mwenye majipu yanayorudi, nikapima, sina.

Kuhusu nyumba nzima kuambukizana: karibu mtu mmoja kati ya watatu hubeba stafilokoki puani bila kuumwa. Unajikuna pua, unajikuna paja, imekwisha. Tulipewa mafuta ya mupirosini ya kupaka puani mara mbili kwa siku kwa siku 5, na sabuni ya maji ya klorheksidini ya kuogea, wote siku zilezile. Taulo kila mtu na lake, wembe kila mtu na wake. Mashuka, vikoi na foronya vikafuliwa kwa maji ya moto, vikaanikwa juani, vikapigwa pasi. Mke wangu alilalamikia makaa ya pasi kuliko alivyolalamikia majipu. Tangu sukari yangu ikae sawa, nimepata kimoja tu kidogo, hakikufika kuiva.

KijanaMkomani
Kumbe na vile vipele vyangu vya kisogoni kila nikinyoa? Mashine ya kinyozi wetu inapita vichwa vyote vya mtaa.

BabaWatatu_Malindi
Nenda na mashine yako, au mwambie asikunyoe mpaka chini kabisa. Na vikiwa vigumu haviondoki, muone daktari wa ngozi kabla havijawa makovu.

MamaMapacha_Mokowe
Niwaletee ya watoto. Wanangu walikuwa na upele, ule wa vijidudu vinavyochimba ngozi na kuambukizana, wanajikuna usiku kucha, penye mkwaruzo panafanya malengelenge, yanapasuka, yanaacha ukoko wa manjano mdomoni na mikononi. Tunatibu vidonda, vinapona, mwezi haujaisha vimerudi. Hatukufika popote mpaka upele wenyewe ulipotibiwa, na si kwa wale wawili tu. Watu wote wa nyumba tulipakwa losheni siku moja, kuanzia shingoni hadi nyayo, hata baba yao aliyekuwa anasema yeye hawashwi. Tukarudia kama tulivyoelekezwa. Kucha nikazikata fupi.

Ila mmoja, wiki chache baada ya vidonda, aliamka uso umevimba, macho hayafunguki vizuri, na mkojo rangi ya strungi. Nilimbeba nikavuka naye siku hiyo hiyo. Ni figo, wakasema, streptokoki za ngozi zinaweza kufanya hivyo kwa watoto. Alilazwa, alipimwa presha mara nyingi, alhamdulillahi mkojo ukasafika. Kwa hiyo mama yeyote anayesoma hapa asidharau vidonda vya ukoko kwa kuwa mtoto anacheza.

Mvuvi_Kizingitini
Ya kwangu fupi. Sisi tunaamini maji ya bahari yanaosha kidonda. Yanachoma tu. Mwenzetu alichomwa na mwiba wa tafi mkononi, akaendelea na kazi. Jioni mkono umevimba hadi kiwiko, usiku yametoka malengelenge meusi, na maumivu hayalingani na tundu dogo lile. Kusi ilikuwa inavuma, lakini tulitoka na boti usiku ule ule. Hospitali walisema bahari ya joto ina bakteria wake, na kwa mwenye ini bovu kama yeye wanakimbia haraka mno. Alipasuliwa, mkono ameubakisha. Tangu siku ile naweka dumu la maji ya kisima na kipande cha sabuni kwenye chombo. Mtu akichomwa, anaosha hapo hapo.

MwanaFaza
Swali kwa muuguzi. Kwenye mabango wanaandika "ngozi huwa nyekundu". Nyanya ni mweusi wa kutosha, nyekundu siioni. Nitajuaje?

MuuguziMalindi
Swali zuri, na mabango hayo yananiudhi. Kwenye ngozi nyeusi usisubiri wekundu. Itaonekana nyeusi zaidi au ya zambarau, imekaza, inang'aa. Tumia mkono: weka mgongo wa kiganja kwenye mguu usiougua, kisha kwenye ule unaougua. Tofauti ya joto utaihisi. Mguu mmoja tu, una maumivu, una joto, umevimba ghafla, pamoja na homa: hiyo ni selulaitisi, yaani maambukizi ya bakteria ndani ya ngozi, mpaka daktari akatae. Ikiwa miguu yote miwili inawasha bila homa, mara nyingi ni jambo jingine, na antibiotiki hazitasaidia. Mguu mmoja uliovimba bila homa nao uonwe, unaweza kuwa damu iliyoganda.

Chora mpaka wa uvimbe kwa kalamu ya wino, andika na saa. Uvimbe ukivuka mstari baada ya dawa kuanza, rudi. Ukiona malengelenge meusi, ngozi kufa ganzi, maumivu makali kuliko kinachoonekana, mgonjwa kuchanganyikiwa au kutapika dawa, usingoje alfajiri, fanya kama yule mvuvi. Na wakati wa homa mguu usikandwe wala kufungwa bandeji ya kubana. Lala, uinue, upoze kwa kitambaa cha maji baridi.

BintiLangoni
Nimeyanakili yote. Nilisikia kuna wanaopewa penisilini ya kuzuia, si ya kutibu. Kweli?

MuuguziMalindi
Kweli, kwa wanaorudiwa mara kwa mara licha ya matunzo. Uingereza walichapisha utafiti mwaka 2013, wagonjwa 274 wa selulaitisi ya mguu. Waliomeza penisilini miligramu 250 mara mbili kwa siku kwa mwaka mzima, 22 kati ya 100 walirudiwa. Waliomeza vidonge visivyo na dawa, 37. Walipoacha, kinga ikaisha, kwa hiyo kuosha na kukausha hakukwepeki. Australia nao mwaka 2020 walijaribu soksi na bandeji za kubana kwa wenye miguu inayovimba: waliovaa walirudiwa asilimia 15, wasiovaa 40. Lakini soksi hizo zipimwe na mtaalamu, na mishipa ya damu ikaguliwe kwanza. Zisizomfaa zinaweza kumkata ngozi, na mwenye damu isiyofika vizuri mguuni asizivae kabisa.

BintiLangoni
Ahsante sana, Mungu akulipe. Kliniki tunarudi wiki ijayo, nitauliza yote mawili. Ambaye mzazi wake amevaa soksi za kubana kwa joto hili la kaskazi, aniambie alizivumilia vipi, na alizipata Malindi au ilibidi aagize Mombasa.