Majibu yangu ya maabara yalisomwa dirishani mbele ya watu: nina haki gani?

Mchuuzi wa Kibirizi:

Ndugu zangu wa Kigoma, naomba ushauri kwa jambo lililonikuta wiki iliyopita katika zahanati moja binafsi hapa mjini, ambayo jina lake sitalitaja. Nilikuwa nimeshamwona daktari na kutoa damu maabara, nikaambiwa nisubiri kwenye benchi pamoja na wagonjwa wengine wapatao wanane. Mhudumu wa mapokezi alifungua dirisha, akaniita kwa majina yangu mawili, kisha akasoma majibu na kunieleza dawa nitakazotumia kwa sauti iliyosikika hadi nje ya mlango. Ugonjwa wenyewe sitautaja, maana huo ndio niliotaka ubaki kati yangu na daktari. Jioni nilipofika mwaloni kuchukua dagaa, mwanamke ambaye sijawahi kuzungumza naye habari za afya yangu alinipa pole, akanishauri nisitumie beseni moja na wenzangu. Tangu siku hiyo wateja wangu wawili wamehamia meza nyingine.

Je, sheria inanilinda, au nilipokubali kupimwa pale nilikubali pia kutangazwa? Na nikilalamika, watanipokea tena? Zahanati hiyo ndiyo iliyo karibu na nyumbani, na mwanangu anahudhuria kliniki hapohapo.

Muuguzi mstaafu, Ujiji:

Pole sana, mwanangu. Nimefanya kazi ya uuguzi kwa zaidi ya miaka 30, na ninakwambia bila kusita kwamba ulichotendewa ni kosa. Kukubali kupimwa ni kumruhusu daktari akutibu, na ruhusa hiyo haivuki mlango wa chumba chake.

Siri nyingi za wagonjwa nilizoziona zikivuja hazikuvujishwa na mtu mwenye nia mbaya. Zilivuja kwa sababu ya mazoea. Mgonjwa wa pili anaitwa ndani kabla wa kwanza hajavaa viatu, ili foleni isogee. Kitabu cha MTUHA, yaani rejesta ya wagonjwa yenye jina, umri, mtaa na ugonjwa wa kila aliyefika siku hiyo, kinaachwa wazi mezani ambapo anayefuata anaweza kusoma mistari yote iliyo juu ya jina lake. Na kwenye dirisha la dawa mtoa dawa anapaza sauti kwa sababu feni inanguruma na watoto wanalia. Najua watumishi ni wachache, na mara nyingine mtu mmoja anapokea wagonjwa, anachoma sindano na kuandika vitabu. Hata hivyo, kumwita mgonjwa kwa namba, kufunika kitabu kwa karatasi na kumwingiza ndani ili apewe majibu yake hakuhitaji mtumishi wa ziada wala fedha.

Majibu ya maabara hayakupaswa hata kidogo kusomwa na mapokezi. Yanarudi kwa daktari aliyeagiza kipimo, naye ndiye anayekueleza, mlango ukiwa umefungwa. Tena ujue kwamba unaweza kuomba mwanafunzi atoke chumbani, na ukitaka kukaguliwa mwili mbele ya muuguzi wa kike, sema tu. Wanawake wengi wanavumilia kimya kwa kudhani kuomba hivyo ni utovu wa adabu.

Mkazi wa Kasulu:

Dada, naongeza upande wa sheria. Ibara ya 16 ya Katiba ya mwaka 1977 inalinda faragha ya kila mtu. Zaidi ya hapo, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inazihesabu taarifa za afya kuwa taarifa nyeti, nayo inaigusa zahanati binafsi sawasawa na ya serikali. Ipo pia sheria ya UKIMWI ya mwaka 2008, inayotaka majibu ya kipimo cha VVU yatunzwe kwa siri.

Siri hiyo ina mipaka yake. Kipindupindu kikizuka, zahanati inalazimika kutoa taarifa kwa mamlaka za afya, na aliyejeruhiwa kwa kupigwa ana fomu ya PF3, yaani fomu ya polisi ya matibabu, inayorudi polisi. Lakini hakuna mpaka unaoruhusu benchi zima lisikie.

Andika barua kwa mganga mfawidhi, yaani msimamizi wa zahanati, ueleze tarehe, saa na maneno yaliyosemwa, ubaki na nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa. Usipojibiwa, nenda kwa mganga mkuu wa manispaa. Malalamiko dhidi ya daktari hupelekwa Baraza la Madaktari Tanganyika, na dhidi ya muuguzi, Baraza la Uuguzi na Ukunga. Mhudumu wa mapokezi ambaye si mwanataaluma hayuko chini ya mabaraza hayo, hivyo mwajiri wake ndiye wa kujibu. Suala la taarifa lenyewe unaweza kulifikisha kwenye Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi.

Baba wa watoto wawili, Gungu:

Kwa maoni yangu, ahamie zahanati nyingine tu. Barua zitamletea maneno zaidi.

Muuguzi mstaafu, Ujiji:

Ndugu yangu, nakuelewa, ila akihama kimya, kesho ataitwa mwingine dirishani palepale. Ninachomsihi binti huyu ni asilitaje jina la mhudumu kwenye makundi ya WhatsApp, kwa kuwa naye ana heshima yake, na hilo lingemtia binti mwenyewe matatani.

Mchuuzi wa Kibirizi:

Shikamoo mama, na asanteni nyote. Leo asubuhi nimepeleka barua. Mganga mfawidhi ameisoma nikiwa nimesimama mbele yake, kisha akanikaribisha kiti na kuinuka yeye mwenyewe kufunga mlango kabla ya kuniuliza chochote. Ameahidi kunijibu kwa maandishi ndani ya siku 7, na nakala yangu imegongwa muhuri. Kliniki ya mtoto ni Jumatano, nami nitampeleka hapohapo.