Naomba ushauri: watoto wananakili mchoro wangu wa ubaoni badala ya kuchora wanachokiona

Mchoraji wa Mikindani

Ndugu zangu, salaam. Mimi ni mchoraji wa vitabu vya picha vya watoto, na tangu muhula huu uanze ninaendesha warsha ya kuchora kila Alhamisi katika shule moja ya msingi ya huku Mtwara, kwa ruhusa ya halmashauri na ya mwalimu mkuu. Ninakaa na Darasa la Nne, watoto 94 katika chumba kimoja, kwa vipindi viwili vilivyounganishwa, yaani dakika 80. Tuna penseli, karatasi ninazozinunua mwenyewe, na paketi chache za kalamu za rangi ambazo watoto hugawana wanne wanne.

Uhaba wa vifaa ninaumudu. Linaloninyima usingizi ni jambo jingine. Siku ya kwanza nilichora ubaoni dau lenye tanga, nikitaka kuwaonyesha jinsi umbo kubwa linavyotangulia na vitu vidogo vinavyofuata. Nilipopita kati ya madawati nilikuta madau yote yameelekea kushoto kama langu, na yote yana kibendera nilichokiweka juu ya mlingoti bila hata kufikiri.

Wiki iliyofuata sikugusa ubao. Kwa kuwa ni msimu wa korosho, niliweka bibo moja juu ya kila dawati, nikawaomba wachore kile wanachokiona. Hawa ni watoto ambao wengi wao huokota mabibo pamoja na wazazi wao kabla ya kuja shuleni, lakini walichora tunda la duara kama embe, korosho ikiwa ndani mithili ya kokwa, ilhali bibo lenyewe lilikuwa mbele yao na korosho yake imening'inia nje, chini ya tunda. Kiasi cha theluthi yao hawakuchora chochote. Walikaa wameshika penseli wakinisubiri. Binti mmoja anayekaa karibu na dirisha aliliacha bibo, akachora vidole vya bibi yake vyenye madoa meusi ya mafuta ya ganda la korosho, na ukucha mmoja uliopasuka. Mchoro huo uko mezani kwangu ninapoandika haya, na kila nikiutazama ninazidi kuamini kwamba wenzake nao wana vitu vya namna hiyo ambavyo mimi nimeshindwa kuvitoa.

Mwalimu wa darasa, ambaye ananisaidia kwa moyo wote, ameniomba nirudi kuchora ubaoni, kwa sababu wazazi watakuja kuona kazi za watoto mwishoni mwa muhula na karatasi tupu zitawavunja moyo. Nikichora, wananakili, nisipochora, wengine wanakwama. Wenye uzoefu, mnafanyaje?

Mwalimu Mstaafu, Masasi

Mwanangu, kosa hilo si la watoto wala si lako. Sisi walimu kwa miaka mingi tulichora ubaoni, tukasema "choreni kama hivi", na aliyefanana na ubao ndiye aliyeandikiwa "vema". Mtoto aliyeacha karatasi tupu si mvivu, bali anaogopa kukosea juu ya kitu ambacho hakifutiki vizuri na ambacho mtu mzima atakuja kukikagua.

Kwa hiyo anza nje, mchangani. Shule nyingi za ukanda wetu zina mchanga wa kutosha uwanjani. Mpe kila mtoto kijiti, achore, afute kwa kiganja, achore tena. Nimeona mtoto ambaye darasani hakuthubutu kuweka hata nukta akichora mchangani mbuzi mzima, pamoja na kamba na kigingi chake. Kundi la watoto 94 ligawe mara mbili: nusu watoke nje na mwalimu wa darasa, nusu wabaki nawe, kisha mbadilishane baada ya dakika 40. Na ukilazimika kuchora ubaoni, chora wakiwa wameweka mikono mapajani, eleza, kisha futa kabla hujagawa karatasi. Usitoe alama yoyote.

Fundi wa Vinyago, Newala

Ninamheshimu Mwalimu, lakini sikubali kwamba kunakili ni ugonjwa wa kutibiwa. Mimi nilifundishwa kuchonga na mjomba wangu. Kwa muda mrefu kazi yangu ilikuwa kupiga msasa na kung'arisha mpingo, kisha nikaruhusiwa kuiga kichwa kimoja tu, kile kile, hadi mkono wangu ulipokizoea. Edward Saidi Tingatinga, mchoraji ambaye asili yake ni Tunduru, alipofariki mwaka 1972 aliacha vijana wachache waliokuwa wamejifunza ubavuni mwake kwa kutazama na kuiga. Kutoka kwao mtindo ule umeenea, na leo mchoraji mmoja wa tingatinga hafanani na mwingine.

Ushauri wangu ni huu: wachore dau lako, lakini kila dau libebe shehena. Waulize, "Humo chomboni mna nini, na nani amekaa tezi, kule nyuma?" Hapo hawawezi kukutazama wewe. Mmoja atapakia magunia, mwingine atampandisha shangazi yake anayekwenda msibani. Mikono inapata pa kushika, na kichwa kinafanya kazi yake.

Mama wa Wawili, Lindi

Dada, mimi si mwalimu, ila jambo lililowafungua wanangu ni mjusi mkubwa wa kale (dinosaria) wa Tendaguru. Niliwasimulia kwamba mifupa yake ilichimbwa hapa mkoani kwetu kati ya mwaka 1909 na 1913, ikabebwa na wapagazi kwa miguu hadi bandari ya Lindi, na kwamba leo imesimamishwa katika jumba la makumbusho la Berlin, ikiwa na kimo cha zaidi ya mita 13. Tulitandaza kamba ya urefu huo uani, ikavuka uzio na kuingia kwa jirani. Kisha nikawaambia: mifupa ipo, lakini hakuna mtu aliyewahi kuona rangi ya ngozi yake. Mkubwa wangu alimpaka madoa kama ya kanga, mdogo akampaka udongo mwekundu tuliouchanganya na maji. Hakuna aliyeuliza kama amepatia.

Nikuombe jambo moja zaidi kama mzazi: bibo ukiliweka tena mezani, toa kwanza ile korosho au waonye wasiing'ate ikiwa mbichi. Mafuta ya ganda lake yanaunguza midomo vibaya sana.

Mchora Vitabu, Mtwara Mjini

Kuhusu siku ya wazazi, usitundike karatasi ukutani, kwa sababu ukuta unawashindanisha watoto kwa mtazamo mmoja wa haraka. Watengenezee vitabu. Vitabu vya picha tunavyovichora mara nyingi huwa na kurasa 32, lakini karatasi moja ya A4 ikikunjwa mara tatu na kukatwa mpasuko mmoja katikati hutoa kijitabu cha kurasa 8, jalada likiwemo, bila gundi wala pini. Mzazi ataketi na mwanawe, watafunua pamoja, na mtoto atasimulia mwenyewe. Hata ukurasa wenye mistari mitatu tu utapata maelezo yake.

Mchoraji wa Mikindani

Shikamoo Mwalimu, na ninawashukuru sana nyote. Alhamisi hii tutaanza mchangani kwa makundi mawili. Nitachora dau kwa fimbo, nitalifuta kwa mguu, kisha nitawauliza swali la Fundi kuhusu shehena. Kijitabu nimekikunja usiku huu na kimekubali. Mama wa Wawili, nimekusikia kuhusu korosho. Nilikuwa sijalifikiria hilo na limenishtua. Tendaguru ninaiweka wiki ya tatu, na kamba ya mita 13 nitaiazima kwa wavuvi wa hapa.

Binti wa dirishani nitamwomba ruhusa kwanza kabla ya kumwonyesha mtu mwingine vidole vya bibi yake. Akikubali, ningependa bibi mwenyewe awe wa kwanza kuviona.