Kiwanja Kisongo, hatifungani au UTT: kipi kitanistaafisha mapema?

Mzawa_Sakina: Wakuu, habari za jioni. Nataka nikifika miaka 50 niache kazi, nisimwombe mtu hata nauli. Nina hela imekaa tu benki. Nimeonyeshwa kiwanja Kisongo, hapa Arusha, rafiki ananivuta kwenye hatifungani za serikali (unaikopesha serikali, inakulipa riba), dada yangu yeye ni mifuko ya uwekezaji ya UTT tu. Mwenye kiwanja anataka jibu wiki ijayo. Nishike lipi?

MamaWawili: Hela kiasi gani? Una umri gani, nani wanakutegemea, NSSF unakatwa? Bila hayo tutakushauri hewani, mdogo wangu.

Mzawa_Sakina: Miaka 29, naongoza watalii. Ni milioni 8. NSSF ipo. Wazazi wako Rombo, nawatumia kila mwezi.

Hesabu_Safi: Hatifungani, mkuu. Unafungua akaunti ya CDS, ile ya kutunzia hatifungani zako, unaingia mnada wa Benki Kuu (BoT) kuanzia milioni 1, riba inalipwa kila miezi sita na haikatwi kodi. Chukua ya miaka 20, ikiiva una 49. Hata kwa asilimia 12 ni 480,000 kila nusu mwaka. Usiile, nunulia nyingine. Waliowahi ya miaka 25 kabla riba haijashushwa 2022 wanakula asilimia 15.95 kwa mwaka mpaka leo.

Kibosho_Kwetu: Na hiyo milioni 8 baada ya miaka 20 itanunua nini? Ardhi haishuki. Tazama bei za Olmoti, hapa hapa Arusha, tangu uwanja wa AFCON 2027 uanze kujengwa.

Binti_Tengeru: Ardhi haishuki, ila inaweza isiwe yako. Mama alinunua kiwanja kwa kiinua mgongo chake. Karatasi za mtaa, mihuri, mashahidi, picha wamepiga wakipeana mikono. Tulipopeleka mchanga tukakuta mtu anachimba msingi, naye ana karatasi zenye muhuri uleule. Kumbe shamba ni la ukoo, kila kaka kauza kivyake. Baraza la ardhi, wakili, nauli, kesi inaahirishwa hadi mama akachoka. Anaishi kwa pensheni ya mwezi tu, ule mkupuo umezikwa pale. Muuzaji anayekukimbiza wiki moja mwogope!

Kibosho_Kwetu: Pole sana. Lakini hilo ni la karatasi za mtaa. Muuzaji akiwa na hati miliki, unaenda ofisi ya ardhi, unafanya upekuzi kujua mmiliki ni nani, basi.

Binti_Tengeru: Viwanja vingapi vya Kisongo vya bei hiyo vina hati?

MamaWawili: Mnamsahau mwenyewe. Aprili na Mei mvua, safari hakuna. 2020 ndege ziliposimama, waongozaji wa mtaani kwetu waliuza hadi darubini zao. Anza na Mfuko wa Ukwasi wa UTT, weka matumizi ya miezi sita. Ukiomba hela unaipata ndani ya siku chache, huvunji hatifungani kwa hasara.

Hesabu_Safi: Hapo nakubali. Kinachobaki hatifungani.

Kibosho_Kwetu: Na kodi ya nyumba atalipa hadi uzeeni?

Mzawa_Sakina: Mwenye kiwanja kanipigia, anasema hati iko kwenye mchakato. Nimeomba namba ya kiwanja, hajaituma.

Binti_Tengeru: Kwenye mchakato! Usitoe hata kishika uchumba.

Mlima_Meru: Kuna anayeishi Kisongo humu? Maji mnapata ya bomba au kisima? Visima vingi ukanda huu vina floridi, ile inayoharibu meno, na nina watoto wadogo.