MJADALA: Kodi za wananchi kulipia utafiti na masomo ya nje, ni uwekezaji au ni nauli za wasomi?

Mchokozi Mpole: Wakuu, hili tuliseme. Kila serikali ikitaka kubana bajeti wasomi ndo wa kwanza kulia, eti fungu la ushirikiano wa kimataifa lisiguswe. Umoja wa Ulaya ulitenga euro bilioni 95 na ushee za Horizon Europe, mfuko wao wa utafiti, 2021 mpaka 2027, na Erasmus+, ule mpango wa kwenda kusoma nchi nyingine, nao una bilioni 26 zake pembeni. Yaani kodi ya fundi inamlipia mtoto wa mwenzake muhula mmoja ughaibuni, anarudi na picha za theluji na lafudhi mpya. Mi nasema kila nchi ifadhili watafiti wake kwake. Anayetaka kushirikiana amwandikie mwenzake barua pepe, ni bure. Nakosea wapi?

Kikotoo: Barua pepe haijengi mtambo mkuu. CERN, ile maabara ya pamoja ya fizikia ya Ulaya, ilianza 1954 kwa sababu Ulaya ilikuwa imetoka vitani na hakuna nchi iliyoweza kubeba mzigo ule peke yake, wakachangishana kila mmoja kwa ukubwa wa uchumi wake na mpaka leo wanachanga hivyo hivyo. Chembe ya Higgs, ile inayohusishwa na jinsi chembe nyingine zinavyopata uzito, ikathibitishwa pale 2012. Na hiyo wavuti unayosemea wasomi vibaya ilibuniwa palepale, 1989.

Dada Maabara: Picha za theluji!! Kaka Mchokozi umeliandika ukiwa umekaa vizuri eeh. Mi nimeenda kwa ufadhili, na kabla ya kuona hiyo theluji nilijaza fomu za viza mpaka nikakariri tarehe za kuzaliwa za ukoo mzima, taarifa ya benki, barua ya mwajiri, barua ya mwenyeji, barua ya kuthibitisha barua, halafu mkutano ambao makala yangu ilitakiwa kusomwa ukafanyika viza ikiwa bado "inashughulikiwa", akaisoma mwenzangu ambaye hata jedwali la tatu hakulielewa. Picha nilipiga ndio, tena nyingi. Unataka nizifute?

Mchokozi Mpole: Dada sikukulenga wewe. Ila umenisaidia, kama viza yenyewe inakwama basi hizo pesa za safari zinaenda wapi?

Dada Maabara: Hujanilenga lakini imenipata.

Msomi Mkavu: Tuacheni theluji. Swali ni wangapi wanarudi. Nchi inasomesha mtu tangu darasa la kwanza, jirani tajiri anamlipia miaka minne ya PhD kisha anabaki naye, halafu hiyo inaitwa msaada. Mi naita usajili wa mchezaji bila ada ya uhamisho.

Mpita Njia: Wapo waliolifikiria hilo. Fulbright, ule ufadhili wa masomo na utafiti wa Marekani wa tangu 1946 (mwanzoni ulilipiwa na mauzo ya mali za vita zilizobaki nje, angalau zilipata kazi ya maana), anayekwenda kwa viza yao ya mabadilishano hapati ukazi wa kudumu mpaka akae kwao miaka miwili kwanza, labda asamehewe sharti.

Dada Maabara: Na akirudi kwenye maabara isiyo na kemikali afanye nini hiyo miaka miwili, ahesabu siku? Kumfunga mtu mguu ndo sera?

Msomi Mkavu: Dada, kila hoja unaifanya yako binafsi.

Dada Maabara: Kwa sababu mnatuongelea kama mizigo ya bandarini. Mnajua kazi yenyewe ilivyo? Mradi wa pamoja, sisi ndo tunaamka alfajiri kufuata wagonjwa, tunabandika lebo kwenye kila kichupa, tunakesha umeme ukikatika kuangalia kama friza ya nyuzi themanini chini ya sifuri inashika, halafu sampuli zinaingia kwenye barafu kavu zinapanda ndege. Makala ikitoka mwandishi wa kwanza yupo huko, wa mwisho yupo huko, sisi tupo kwenye shukrani, tena jina langu wamekosea herufi.

Hoja Kavu: Hapo ndo penyewe. Indonesia waliligomea hili 2007, wakakataa kutuma virusi vya mafua ya ndege kwa WHO. Walisema tunatoa virusi bure, kampuni zinatengeneza chanjo, halafu tunauziwa kwa bei tusiyoiweza. Walitukanwa sana, lakini 2011 dunia ikaandika utaratibu wa kugawana virusi na faida zake.

Kikotoo: Unaona Mchokozi, hata wanaolalamika hawasemi ushirikiano ufe. Uingereza ilijaribu dawa yako. Walivyotoka Umoja wa Ulaya wakakaa nje ya Horizon, na Januari 2024 wamerudi kama washirika, kwa kulipia. Uswisi nao walivyopiga kura ya kubana wahamiaji Februari 2014 wakajikuta wamesimamishwa Erasmus. Hizi ni nchi zenye pesa na maprofesa wao, na bado.

Mchokozi Mpole: Wamerudi kwa sababu wasomi wao wana kelele. Hujajibu la fundi.

Mpita Njia: Fundi kachanjwa, Mchokozi. Endelea.

Mchokozi Mpole: Kejeli sio hoja. Na nyie si mmesema wenyewe kwamba mwenye pesa ndo anachagua swali na ndo anaandikwa wa kwanza? Basi mnatetea nini?

Hoja Kavu: Tunatetea pesa, tunagombana na mgao. Ni vitu viwili.

Kikotoo: Mgao wenyewe hamuugusi. NIH ya Marekani, taasisi ya serikali yao ya utafiti wa afya, ikitoa ruzuku kwa taasisi ya nje, fungu la uendeshaji, yaani umeme, mhasibu, jengo, kikomo ni asilimia 8 ya gharama za mradi. Vyuo vyao wenyewe vingi vinapata zaidi ya 50. Februari 2025 walipotangaza kuvishusha vyao viwe 15, vyuo vilikimbilia mahakamani vikisema vitafunga maabara, na mahakama ikauzuia uamuzi. Sasa kama 15 inafunga maabara, 8 inafanya nini kwa mwenzake?

Msomi Mkavu: Gharama zao ziko juu, usilinganishe.

Dada Maabara: Friza ni ileile kaka. Imetoka kiwanda kilekile, na sisi tunaongezea jenereta juu.

Msomi Mkavu: Na mishahara je?

Kikotoo: Mishahara ya mradi inalipwa kwenye fungu lingine, soma kwanza. Nimeuliza la umeme.

Mchokozi Mpole: Kwa hiyo mnataka pesa IONGEZWE? Nilikuja kuikata!