Bustani ndogo ya mboga nyumbani inaweza kweli kutuvusha kipindi kigumu?

MamaWatatu
Habari zenu wandugu, naomba mawazo ya wenye uzoefu. Kazi ya mume wangu imesimama huu mwezi wa tatu sasa, mimi kipato changu ni cha kuungaunga tu, na watoto wanataka kula kila siku, wao habari za kazi kusimama hawazijui. Nyuma ya nyumba kuna kipande kama hatua sita kwa nne hivi, kimejaa magugu. Kila mtu ananiambia lima mboga zako utaokoa hela, sasa swali langu ni hivi, eneo dogo namna hiyo linalisha familia kweli ama ni maneno? Na naanza na nini, maana hela ya kupoteza sina kabisa, nikiharibu msimu wa kwanza sijui kama nitakuwa na moyo wa kurudia.

Mlimaji_wa_Uani
Pole sana dada, mi nimepita humohumo. Inasaidia, tena sana, ila sio vile wengi wanavodhani. Usitegemee ikushibishe, chakula cha kujaza tumbo na mafuta bado utanunua. Kazi yake ni kuitoa mboga kwenye matumizi ya kila siku, na ukikaa ukapiga hesabu ya mboga ya mwezi mzima utaona ilikuwa inameza hela nyingi kimyakimya, hiyo ndo unaihamishia kwenye vitu ambavyo bustani haikupi.

Sasa sikiliza nilipokosea mimi. Mwaka wa kwanza nilipanda kila kitu siku moja, mboga zikaja zote kwa pamoja, wiki mbili tunakula majani mpaka tunagawa kwa majirani, afu baada ya hapo zaidi ya mwezi hatuna kitu, tumerudi kununua. Roho iliniuma sana kwa kweli. Siku hizi kitalu nakigawa mara nne, napanda robo, baada ya wiki mbili robo nyingine, hivohivo mpaka nikimaliza ile ya kwanza imeshachoka naipanda upya. Familia inahitaji kidogo kila siku, sio kingi siku moja, hilo ukilishika umemaliza nusu ya kazi.

Anza na majani. Mchicha wiki tatu nne unaanza kuchuma, figili nazo kama mwezi hivi na majani yake yanaliwa pia, spinachi kama wiki sita. Na usiing'oe spinachi, chuma majani ya nje tu uache yale machanga ya katikati, mche mmoja unaweza kukulisha miezi. Nyanya najua zinatamanisha lakini zinakaa miezi miwili mitatu ndo uone tunda, na magonjwa ni mengi, weka miche miwili tu kwa sasa.

Udongo_Mweusi
Nakubaliana na aliyetangulia ila naomba niweke angalizo, coz nimeona watu wanaingia kwenye bustani kuokoa hela afu wanaanza kwa kununua udongo, mabeseni mapya, dawa, vifaa, mpaka mboga inaota imeshagharimu kuliko ya kununua. Dada usinunue kitu zaidi ya mbegu. Ndoo iliyopasuka, gunia, dishi bovu, vyote vinalima ilimradi utoboe chini maji yatoke. Mbolea tengeneza mwenyewe, maganda ya jikoni changanya na majani makavu, makavu yawe mengi kuliko mabichi, geuza mara moja moja, ikishakuwa nyeusi na inanukia kama udongo wa mvua ipo tayari. Ukipata samadi ya kuku usiweke mbichi tafadhali, itaunguza miche yote, iache ioze miezi kadhaa kwanza.

Na kabla hujagusa jembe kaa siku moja uangalie jua linapita wapi. Nyanya na maboga zinataka jua la masaa sita au zaidi kwa siku, majani yanavumilia kivuli kidogo. Maji mwagilia asubuhi mapema, kwenye shina sio juu ya majani, na funika udongo kwa nyasi kavu, utaona maji unayotumia yanapungua kabisa.

Mzee_Msomaji
Wanangu, niongeze kitu kuhusu huyu anayeuliza kama ni maneno tu. Mwaka 1893 uchumi wa Marekani ulianguka, viwanda vikafungwa, na meya wa Detroit, Hazen Pingree, mwaka 1894 akaomba viwanja vilivyokaa bure mjini vigawiwe watu wasio na kazi wapande viazi na mboga. Watu walimcheka sana, lakini walivuna na miji mingine ikaiga. Na Leningrad, mji wa Urusi unaoitwa St. Petersburg siku hizi, baada ya ile baridi ya njaa ya 1941 kuingia 1942 wakati mji umezingirwa na Wajerumani kwenye vita kuu ya pili, watu walilima mpaka kwenye bustani za kupumzikia, kabichi zikapandwa mbele ya kanisa kubwa la Mtakatifu Isaka kabisa. Hawakulima kwa kupenda mandhari, walilima coz kupata chakula kutoka nje ya mji ilikuwa shida kubwa.

Ninachotaka uone mama ni hicho cha Detroit. Ardhi ilikuwepo, ilikuwa imelala tu. Angalia jirani mwenye uwanja asioutumia, mzee asiyeweza kulima tena, mwombe umlimie mgawane. Hatua sita kwa nne zitakupa majani, ila ukipata eneo la ziada ndo uweke viazi na maharage, vile ndo vinashibisha na vinakaa.

MamaWatatu
Shikamoo mzee, na asanteni wote, nimesoma huku machozi yananilengalenga. Kuna bibi nyumba ya pili ana uwanja umejaa nyasi, kesho naenda kuongea naye. Jua nimeangalia leo, nusu ya kipande linawaka kuanzia asubuhi mpaka mchana kabisa. Swali la mwisho, mbegu je, kila msimu ninunue?

Mlimaji_wa_Uani
Hapana, ila angalia pakiti, kama imeandikwa F1, yaani mbegu chotara, ukihifadhi mbegu zake msimu ujao zitatoka mchanganyiko, hazitafanana na mama yake. Nunua za kawaida. Mchicha na maharage ndo rahisi kuanzia, mche mmoja wa mchicha ukiuacha ukomae unatoa mbegu za kukutosha wewe na bibi na mtaa mzima, zikaushe vizuri uweke kwenye chupa kavu, pasiwe na joto wala unyevu.

Afu dada kabla hujafyeka hayo magugu yapitie taratibu na mtu anayeyajua, pengine huyo bibi. Kwenye uwanja ulioachwa mara nyingi kuna mchicha pori umejiotea wenyewe. Usioujua usile, ila ule bibi atakaoutambua usiung'oe, hiyo ni mboga ya kesho jioni tayari.